UZI: Wanawake waliochunguza utawala Rungwe, Iringa na Usangu. Mbona mabinti zetu hawawajui?

Mtoa mada (Tukuyu)

Wakuu, kamwene.

Mimi ni mwalimu wa Uraia na Historia katika sekondari ya wasichana wilayani Rungwe, huu ni mwaka wa tisa. Muhula uliopita nilikuwa kidato cha tatu, mada ya serikali na utawala, ubaoni nimepanga majina: Aristotle, Locke, Montesquieu, Marx. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hakuna mwanamke aliyewahi kuandika kuhusu serikali?" Darasa zima likatulia kusubiri. Nikasema wapo, nikataja mmoja, kengele ikalia. Nilirudi ofisini na uchungu, maana nilijua yule mtoto hakupata jibu.

Masika yote nimekuwa nikisoma. Nilianza kwa kutafuta majina ya mbali, nikakuta baadhi ya wanawake hao walijenga jina lao kwa kuchunguza vijiji vile vile wanakotoka wanafunzi wangu. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Ni mrefu, mimina chai kwanza.

Nianze hapa nilipo. Katikati ya miaka ya 1930 aliishi Rungwe Monica Wilson, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyepata udaktari Cambridge. Yeye na mumewe Godfrey walikaa na Wanyakyusa hadi 1938. Mume akafariki 1944, mama akabaki na watoto wawili wa kiume na shehena ya madaftari. Akayafanyia kazi. Kitabu chake kuhusu vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951.

Wazee wa huku mnajua alichokuta. Watoto wa kiume wakifika miaka kumi hivi walitoka kwa baba, wakajenga vibanda vyao pembeni, kikawa kijiji chao. Kula walirudi kwa mama. Wakakua pamoja, wakaoa wakiwa pale pale. Kisha mara moja kwa kila kizazi ilifanyika ubusoka: wazee wanakabidhi utawala, vijana wanapata machifu wao wapya na amafumu wao, yaani wakuu wa vijiji. Na eneo la chifu linagawanywa kwa wanawe wawili. Rudia kusoma hapo. Huo ni utaratibu wa kung'atuka. Tunawafundisha watoto ukomo wa madaraka kana kwamba ulishuka na katiba, na babu zao walikuwa na sherehe yake.

Sasa panda basi hadi Iringa. Alison Redmayne aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu Wahehe, Oxford, mwaka 1964, na 1968 akachapisha makala yake kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe. Wengi wetu tunaijua Lugalo, mahali Wahehe walipowashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, na fuvu la Mkwawa lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Redmayne alitaka kujua kilichotangulia: Wahehe walipataje kuwa dola moja? Akaonyesha jinsi himaya ndogo ndogo nyingi zilivyounganishwa na Munyigumba, kisha na mwanawe Mkwawa, ndani ya nusu ya pili ya karne ya 19.

Ziweke hizo mbili pamoja. Rungwe utawala unagawanyika kila kizazi, Iringa unakusanywa mkononi mwa mtu mmoja. Nyanda za juu ni hizi hizi. Kwa nini ikawa hivyo? Siasa linganishi ndiyo hiyo, na mtoto wa kidato cha tatu anaweza kuanza nayo bila kupelekwa Ugiriki. Mawazo yangu mimi, na mnipinge: Wahehe walikuwa wanapambana na Wasangu na Wangoni, vita ikawalazimisha kuwa na amri moja. Huku kwetu mvua na migomba viliruhusu vijana kwenda kufungua shamba jipya ng'ambo ya kijito bila kumpiga mtu.

Wa tatu ndiye aliyenishika kuliko wote. Marjorie Mbilinyi alizaliwa Marekani, akaja nchini miaka ya 1960, akawa Mtanzania na mwalimu wa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1988 alichapisha makala kuhusu wake waliotoroka ndoa Rungwe kati ya 1919 na 1961. Wilaya yetu hii! Wanaume wamekwenda kutafuta kazi za mshahara, wengine machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine mbali zaidi. Nyumbani mke analima, analea, na anatakiwa akae. Wapo waliokataa kukaa. Wakaondoka. Mbilinyi akaonyesha jinsi mahakama za wenyeji, machifu na maofisa wa Kiingereza walivyoshikamana kuwarudisha, kwa sababu kazi ya mwanaume ya mshahara ilisimama juu ya kazi ya mke shambani. Mimi nilifundisha utawala usio wa moja kwa moja, yaani Waingereza kutawala kupitia machifu, miaka minane, ramani na tarehe, bila kujua kwamba serikali ile ilihitaji mke asiondoke.

Nitaendelea. Karibuni.

Mchangiaji (Mwanjelwa)

Mwalimu umeshusha nondo. Ila niulize kwa heshima. Wilson ni mwanaanthropolojia, Redmayne vivyo hivyo, Mama Mbilinyi alikuwa upande wa elimu. Mimi nimesoma sayansi ya siasa. Siasa ni dola, bunge, vyama, uchaguzi. Hawa unawaingizaje?

Mtoa mada

Kaka, umegusa penyewe.

Nani alipanga kwamba uchaguzi ni siasa na mahari si siasa? Chifu anapoketi barazani na kuamuru mke arudishwe, na bwana shauri anatia sahihi, pale dola ipo au haipo? Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoamini kwamba mchango mkubwa wa wanawake hawa ni huo: walikwenda mahali ambapo wenzao walikuwa wameshapaita mambo ya nyumbani, au mila, wakaikuta serikali imekaa huko. Wengine hawakuchagua. Mlango wa idara za siasa ulikuwa mwembamba, wakapitia anthropolojia, historia, elimu. Ila walichokileta ni elimu ya utawala.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba wote walipita pembeni. Theda Skocpol wa Marekani alikamata mada kubwa kuliko zote, mapinduzi. Kitabu chake cha 1979 kinalinganisha Ufaransa, Urusi na China. Wakati wengine wanaeleza mapinduzi kwa hasira za wananchi au kwa viongozi mashujaa, yeye akasema tazameni dola yenyewe: imebanwa na vita na mashindano ya nje, hazina imekauka, wenye ardhi wanagoma kutoa kodi, na chini wakulima wana namna ya kuungana. Dola inapasuka, ndipo mapinduzi yanapita katika ufa. Bila shaka ulimsoma chuoni. Lakini waliwaambia ni mwanamke? Rafiki yangu aliyesoma siasa alimaliza shahada akidhani Skocpol ni mwanaume.

Mchangiaji (Mbarali)

Mimi mkulima wa mpunga, niko kamati ya mfereji wetu. Shahada sina. Kuna mwanamke aliyeandika kuhusu maji? Maana kwetu siasa ndiyo hiyo. Kiangazi wa juu wakifungulia kwao, sisi wa chini tunabaki na tope. Tunapeana zamu. Anayevunja zamu mara ya kwanza anaonywa, akirudia analipa faini, akizidi anapelekwa serikali ya kijiji. Hakuna aliyetufundisha, tumejipangia wenyewe.

Mtoa mada

Kaka wa Mbarali, nimesoma ujumbe wako mara mbili nikainuka kitini.

Adhabu inayoanza na onyo na kupanda kidogo kidogo ni moja ya kanuni nane za Elinor Ostrom. Huyo mama alizitoa mwaka 1990, baada ya kulinganisha malisho ya milima ya Uswisi, misitu ya vijiji vya Japani, mifereji ya Hispania na Ufilipino, na kwingineko. Wakati ule wasomi wengi walishikilia kwamba mali ya wote lazima iharibiwe, kwa hiyo ama ichukuliwe na serikali, ama igawiwe watu binafsi. Ostrom akasema mmesahau watu wenyewe. Wakijua mipaka ya mali yao, wakitunga kanuni zinazolingana na mahali pao, wakashiriki kuzibadilisha, wakawa na walinzi wanaowajibika kwao, wakapata mahali pa karibu pa kusuluhishana, na serikali ikaheshimu haki yao ya kujipangia, mali inadumu, wakati mwingine kwa karne nyingi. Kule Nepali yeye na wenzake walikuta mifereji inayoendeshwa na wakulima mara nyingi inafanya vizuri kuliko ile iliyojengwa na kusimamiwa na serikali, hata kama banio la wakulima, yaani kizuizi cha kugeuzia maji mferejini, ni mawe na matawi tu.

Mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Yeye ni msomi wa siasa, si mchumi, na hapo pana kisa nitakachomweleza mtu mwingine humu.

Ila Usangu yenu, hilo bonde la Mbarali, ina neno la kumjibu. Frances Cleaver, Mwingereza, alifanya utafiti kwenu kuhusu maji na malisho, na kitabu chake cha 2012 kinasema hivi: kanuni hazichorwi mezani zikashushwa kijijini. Watu wanaziungaunga. Wanachukua kipande cha sheria ya bonde, kipande cha mila, heshima ya mzee fulani, undugu wa mke, wanashona kamati. Ndiyo maana kamati mbili zenye katiba moja zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa. Na anaonya kwamba kuungaunga huko hakumpi kila mtu nafasi sawa. Mwenye sauti tangu zamani anaendelea kuwa nayo. Naye Barbara van Koppen na wenzake, mwaka 2004, waliandika juu ya hati za maji za kiserikali huko Ruaha ya juu na namna zilivyowaacha pembeni watu wanaotumia maji kwa taratibu za kimila.

Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi miaka ya 1990, na lawama zilivyotupwa kutoka kwa mkulima kwenda kwa mfugaji na kurudi. Swali langu kwako: kwenye kamati yenu ya mfereji wanawake wangapi wanapanga zamu? Na wangapi wanamwagilia?

Mchangiaji (Mbarali)

Kamati ni watu kumi, wanawake wawili. Wanaomwagilia usiku wengi ni wanawake. Swali lako nimelipeleka kwa mwenyekiti.

Mchangiaji (Makambako)

Naomba nitofautiane nawe mwalimu. Wanawake wana viti maalum. Spika tumempata wa Njombe, tukampata wa Mbeya. Rais ni mwanamke tangu 2021. Wamefika. Hao wasomi wa vitabuni wamesaidia nini?

Mtoa mada

Ndugu yangu, sitapunguza fahari hiyo hata chembe. Mama Anne Makinda aliingia bungeni 1975, akawa Spika wa kwanza mwanamke mwaka 2010, na alikuwa mbunge wa jimbo, Njombe Kusini. Dkt. Tulia Ackson alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya siasa, akachaguliwa Mbeya Mjini 2020, Spika 2022, na 2023 akawa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Lakini wewe umesema "wamefika", na neno hilo ndilo linalohitaji wasomi. Hanna Pitkin, aliyezaliwa Berlin na kufundisha Marekani, aliandika mwaka 1967 kitabu kizima kuuliza maana ya kuwakilisha. Akatenganisha vitu tunavyovichanganya kila siku. Kuna kuwakilisha kwa kupewa mamlaka kisheria. Kuna kuwakilisha kwa kufanana na watu wako. Kuna kuwa alama yao. Na kuna kutenda kwa ajili yao na kujibu wakikuuliza. Mtu anaweza kufanana nami kwa kila kitu asinitetee hata siku moja.

Chukua kipimo hicho uje nacho kwenye viti maalum. Mwaka 1985 vilikuwa 15. Baadaye katiba ikaweka asilimia 15, ikapanda hadi 20, na tangu 2005 wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge. Bunge la 2015 lilikuwa na viti maalum 113. Kwa kufanana, tumesonga sana, na mimi nafurahi. Lakini mbunge wa viti maalum anateuliwa kupitia chama kulingana na kura za chama. Jimbo hana. Waziri Mkuu hawezi kuwa, kwa sababu katiba inataka mbunge wa jimbo. Akitaka kurudi bungeni anamtazama nani, wananchi au chama? Mi Yung Yoon alilichambua suala la viti hivi vya Tanzania mwaka 2008. Na miaka mingi kabla, Profesa Ruth Meena, msomi wetu wa siasa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akiandika na kudai mfumo unaompa mwanamke uwezo kamili, si kuhesabiwa tu. Mwaka 1992 alihariri kitabu kuhusu jinsia kusini mwa Afrika, akaipa nchi hizi lugha ya kuzungumzia jambo ambalo vyuo vilikuwa havijalipa nafasi. Kampala, Sylvia Tamale aliandika 1999 juu ya wanawake katika bunge la Uganda. Nairobi yupo Profesa Maria Nzomo, naye msomi wa siasa.

Basi wamesaidia nini? Wametupa maswali ya kumuuliza mbunge yeyote, mwanamke kwa mwanaume.

Mchangiaji (Makambako)

Hilo la Waziri Mkuu sikulijua. Nakubali hoja imesimama.

Mchangiaji (Iringa)

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Iringa, nasoma utawala. Matokeo yangu yanaruhusu kwenda uzamili. Nyumbani wanasema niolewe kwanza, shule haikimbii. Na ukweli mwingine ni kwamba naogopa hesabu, takwimu zimenitoa jasho. Nifanyeje?

Mtoa mada

Marahaba mdogo wangu. Kile kisa cha Ostrom nilikuwekea wewe.

Ostrom alikua katika familia ya kipato kidogo, na nyumbani kwao hakukuwa na mtu aliyefika chuo kabla yake. Sekondari walimzuia kusoma trigonometria, kwa sababu msichana aliruhusiwa tu kama alama zake za aljebra na jiometri zilikuwa za juu kabisa. Alipomaliza shahada ya kwanza na kutafuta kazi, waajiri walitaka kujua kama anajua kupiga chapa na hati mkato, yaani mwandiko wa haraka wa makarani. Alipotaka udaktari wa uchumi, ile hesabu aliyonyimwa ikamfungia mlango. Akaingia sayansi ya siasa. Darasani wanafunzi 40, wanawake wanne, na baadaye wakaambiwa kwamba walimu wa idara waligombana vikali kwa nini kamati iliwapokea. Alimaliza 1965, na kazi yake ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Indiana ilikuwa kufundisha somo la utangulizi saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ikiwemo, kipindi ambacho wengine hawakukitaka. Miaka 44 baada ya udaktari akapewa tuzo kubwa ya uchumi.

Sikuelezi hivyo ili uone mateso ni mazuri. Ile trigonometria ilikuwa dhuluma, na hesabu wanawake wangapi walioishia pale tusiowajua. Nakueleza ili usijifungie mwenyewe mlango ambao wengine walifungiwa. Takwimu zinajifunzwa. Tafuta wenzako watatu, kaeni Jumamosi, fanyeni maswali hadi yazoeleke. Mimi nilijifunza nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo najua inawezekana na najua inauma.

Kuhusu ndoa sitakuingilia na wazazi wako. Nitasema yangu tu. Nilipoomba uzamili, kwenye usaili niliulizwa mtoto atabaki na nani. Mwanaume aliyeingia kabla yangu ana watoto watatu, nilimuuliza, hakuulizwa. Nilijibu, nikakosa nafasi, nikaomba tena mwaka uliofuata mahali pengine. Skocpol naye, kitabu kikiwa kimeshapata sifa dunia nzima, Harvard ilimnyima ajira ya kudumu mwaka 1980. Akalalamika rasmi kwamba amebaguliwa kwa jinsia yake, akaenda kufundisha Chicago, na miaka michache baadaye Harvard hiyo hiyo ikamwita arudi. Aliweka malalamiko kwenye karatasi. Hilo lichukue. Ukiulizwa swali kama langu, liandike, weka tarehe.

Na usihangaike kutafuta mada ya mbali. Uko Iringa. Nenda makumbusho ya Boma, nenda ya Kalenga, kisha nenda kijiji chochote chenye vinyungu, yale mashamba ya kiangazi bondeni, ukaulize nani anaamua nani alime wapi, na aliyemnyima mwenzake maji anashtakiwa kwa nani. Linganisha vijiji viwili tu. Hiyo ni tasnifu.

Mchangiaji (Iringa)

Nimeandika vyote. Kwetu Kilolo vinyungu viko nyuma ya nyumba. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mada.

Mchangiaji (Masoko, Rungwe)

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mjukuu wangu ananiandikia. Nimesomewa habari ya wanawake waliotoroka. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmojawapo. Tulikuwa tukikatazwa kulisema hilo.

Mtoa mada

Shikamoo mzee. Tafadhali, kama moyo unaruhusu, alikimbilia wapi? Na baraza lilimfanya nini?

Mchangiaji (Masoko, Rungwe)

Marahaba mwanangu. Alivuka mto Kiwira usiku, akaenda kwa dada yake aliyeolewa ng'ambo. Babu alikuwa Lupa mwaka wa pili hajarudi. Baraza lilimwita mara tatu. Mara mbili za kwanza alirudishwa, akavuka tena. Mara ya tatu alisimama mbele ya chifu akasema ng'ombe zilizotolewa kwa ajili yake warudishiwe wenyewe, yeye atazilima kwa mikono yake. Alizilima miaka sita. Shamba lile lipo, ndilo tunalochuma chai leo. Walete hao mabinti zako walione.

Mtoa mada

Mzee, tunakuja Jumamosi. Ni wasichana arobaini na mmoja, na yule wa dawati la nyuma atakuwa na daftari.